Makumbusho ya Gisozi, Kigali: tenga nusu siku

Kiingilio ni bure. Kifaa cha maelezo ya sauti hulipiwa, na kinafaa kila senti. Zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 wamezikwa hapa, kwa hiyo usiende mbiombio. Mimi niliganda kwenye habari za Umoja wa Mataifa. Aprili 1994, watu wakichinjwa, Baraza la Usalama likaamua kikosi chake cha kulinda amani, chini ya Jenerali Dallaire wa Kanada, kipunguzwe hadi watu 270 hivi! Hasira haijanitoka. Nikamkumbuka Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali wa kikosi hicho asiye na silaha, aliyevusha mamia ya watu kwenye vizuizi vya wauaji kwa maneno na sigara tu. Ukitoka, pitia Camp Kigali, iliyokuwa kambi ya jeshi, uone nguzo 10 za mawe, moja kwa kila askari wa Ubelgiji wa kikosi hicho aliyeuawa hapo. Watoto wadogo waache nyumbani.