Vidude vya msumeno wa reli: mikono ya upana naipa kumi, skwea naipa tano

Karakana yangu ya Kawangware inapitisha bodi moja na mtu mmoja, na mtu huyo asiwe mnene. Msumeno wa meza haukai hapa. Ukisukuma bodi ya futi 8 kwa 4, nusu yake inaingia kwa jirani anayepika chapati. Ndiyo maana nafanya kazi na msumeno wa reli, yaani msumeno wa duara unaoteleza juu ya reli ya alumini iliyolazwa kwenye bodi. Mashine yenyewe sina neno nayo. Vinavyouma ni vifaa vyake vya ziada: bei ya viwili vitatu dukani inakaribia ya mashine nyingine. Basi nimejiundia vyangu, na vimetumika kwa makabati ya jikoni ya kutosha mpaka navijua.

Bora kuliko vyote ni mikono miwili ya kupimia upana. Unaifunga kwenye reli, mmoja kila mwisho, stopa zake zinashika ukingo wa bodi, na kila kipande kinatoka na upana uleule bila kuchora mstari. Alumini nilitoa kwa mafundi wa madirisha; wana mabaki mafupi na bei ni maelewano. Stopa ni kipande cha mvule kilichotobolewa, bolti na nati ya masikio. Kichwa cha bolti nilikipiga tupa hadi kikateleza kwenye mfereji wa reli bila kuchezacheza. Juu ya mkono nikabandika utepe wa futi.

Kazi iko kwenye sifuri. Haianzii kwenye alumini ya reli, inaanzia kwenye ukingo wa ule mpira ulio chini yake, ambao msumeno huukata mara ya kwanza na kuuacha sawa na njia ya meno. Ukibadilisha mpira, panga sifuri upya. Na usiuamini utepe peke yake. Kata ubao mmoja wa milimita 580, upana ninaotumia kwa ubavu wa kabati, uuweke kati ya stopa na ukingo wa mpira, mkono wa kushoto kwanza kisha wa kulia, ndipo ukaze. Mikono ikipishana hata milimita moja, mlango wa kabati utakuaibisha mbele ya mwenye nyumba.

Udhaifu wake ni vipande vyembamba. Upana ukiwa mdogo kuliko reli, reli inakosa pa kulalia na inainama. Tia chini yake kipande cha bodi ya unene uleule.

Skwea niliyoiunda kwa plaiwudi ya milimita 18, ya kuiweka reli pembe mraba na ukingo wa bodi, ni ya hivyo hivyo. Inafaa kwa rafu, ila mvua za Aprili zikianza lazima niipime tena. Kata bodi, geuza nusu moja juu chini, zikutanishe zote zikiegemea ubao ulionyooka: mwanya utakaouona ni kosa maradufu.

Viunganishi vya reli ni chuma bapa tu, chenye skrubu za kukaza, na sioni sababu ya kununua. Reli mbili za milimita 1400 zinakata bodi nzima ya 2440. Kabla ya kukaza, egemeza reli zote mbili kwenye rula ndefu ya alumini, maana kiunganishi chenyewe hakinyooshi kitu.

Meza ya kukatia je? Shiti ya povu jeupe, lile la wajenzi, imelazwa sakafuni. Haigusi meno vibaya, na jioni inasimama nyuma ya mlango. Kina cha msumeno: unene wa bodi, ongeza wa reli, kisha milimita chache za kuingia kwenye povu.

Reli yenyewe nunua. Nimeona za MDF, bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa wenzangu wa Ngong Road. Zinapinda, na reli iliyopinda inapindisha kila kitu ulichokifunga juu yake, hata mikono yangu niliyoipa kumi.