Kurunzi Inayodumisha Mwanga: Tathmini kwa Wenye Mashamba ya Zabibu Dodoma

Maduka ya vifaa vya umeme yaliyo karibu na Soko la Majengo, Dodoma, yamejaa kurunzi zenye lebo za lumeni (kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka) 50,000 au 100,000, na bei zake humvutia kila mwenye shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi anayetaka mlinzi wake aweze kumulika mstari wa mizabibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimejaribu tatu kati ya zinazouzwa huko, na swali lililoniongoza ni lile ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi dukani: je, kurunzi ikiwaka mfululizo kwa dakika kumi, ni mwanga kiasi gani unaobaki?

Kuhusu lebo hizo, ni vyema kusema wazi. Kurunzi ya kweli ya lumeni 100,000 ipo, nayo ni Imalent MS18, lakini ina LED 18, betri nane za aina ya 21700 (namba inayotaja ukubwa wa betri), feni ya kupoozea na uzito unaokaribia kilo 2, na hata hivyo hupunguza mwanga wake baada ya dakika moja hivi ili isijiunguze. Kifaa cha kutia mfukoni chenye betri moja hakiwezi kufika huko, na lebo inayodai hivyo ni uongo, ingawa mara nyingi muuzaji naye ameuziwa uongo huohuo.

Kinachoshusha mwanga ni joto. LED hugeuza sehemu tu ya umeme kuwa mwanga, na sehemu inayobaki, ambayo kwa kawaida ni nusu au zaidi, huwa joto ambalo halina njia ya kutokea isipokuwa kupitia mwili wa kurunzi. Tuchukue kurunzi ndogo ya alumini yenye uzito wa gramu 100 inayozalisha wati 30 za joto. Gramu 100 za alumini huhitaji takribani joule 90 ili zipande nyuzijoto 1 ya Selsiasi, kwa hiyo mwili huo hupanda nyuzijoto 1 kila baada ya sekunde 3, na ukianzia 25 utafika 55 ndani ya dakika moja na nusu, kiwango ambacho mkono hauwezi kukivumilia kwa muda mrefu na ambacho hulazimisha kidhibiti joto cha ndani kupunguza umeme. Hesabu hiyo haikwepeki. Mtengenezaji anaweza tu kuongeza uzito wa metali, kupanua eneo linaloguswa na hewa, au kutumia LED na saketi zisizopoteza umeme mwingi.

Kurunzi ya kwanza niliyoijaribu, ile ya kichwa cha kuvuta na kurudisha, ilianza kufifia mapema na ikaendelea kufifia kadiri betri ilivyopungua, kwa kuwa haina saketi ya kuufanya umeme unaofika kwenye LED usibadilike. Ganda lake lilibaki baridi, jambo ambalo wateja wengi hulihesabu kuwa sifa. Lakini kurunzi inayodai mwanga mkali huku ganda lake likiwa baridi ina mambo mawili tu yanayowezekana: ama mwanga wenyewe ni mdogo, ama joto limezuiliwa ndani na linaikaanga LED. Siishauri kwa yeyote.

Ya pili ni fupi, ina LED nne, na mwangaza wake wa mwanzo unashangaza kwelikweli. Haukudumu. Ndani ya muda mfupi ulishuka kwa ghafla, na mlinzi aliyeizoea nguvu ya mwanzo angejikuta haoni tena mwisho wa mstari. Kwa mtu wa kuwasha na kuzima, akitafuta kitu uani, inatosha.

Ya tatu ndiyo niliyoinunua. Ina betri moja ya 21700, kichwa kipana chenye mapezi marefu ya kupoozea, na LED yake imeunganishwa kwenye kibao cha shaba, metali inayopitisha joto karibu maradufu ya alumini. Nilipoimulika kwenye ukuta mweupe huku simu yenye programu ya kupimia mwanga ikiwa imeegemezwa mahali pamoja (njia hii haitoi lumeni sahihi, lakini inaonyesha uwiano), mwanga ulitelemka polepole hadi karibu nusu ya ule wa mwanzo, kisha ukatulia hapo kwa zaidi ya saa moja. Nusu hiyo si hasara kubwa kama inavyosikika, kwa sababu jicho halihesabu mwanga kama chombo kinavyouhesabu, na mshuko wa taratibu, mathalani kutoka lumeni 2,000 hadi 1,000, ni vigumu kuutambua shambani. Bei yake ni zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza, na naiona ni ya haki.

Anayenunua atafute kwenye boksi alama ya FL1, yaani kiwango cha kupimia kurunzi. Chini ya kiwango hicho, lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo "saa 4" za kwenye boksi hazimaanishi saa 4 za mwanga uleule. Betri nayo ikaguliwe: 21700 nzuri huwa na takribani mAh 5,000 (kipimo cha umeme ambao betri huweza kuhifadhi), na 18650, aina iliyo ndogo zaidi, huishia karibu na 3,500, hivyo 18650 iliyoandikwa 9,900 iachwe dukani.

Upepo wa Dodoma ni msaada, kwani hewa inayopita kwenye mapezi hupoza kuliko hewa iliyotulia chumbani, na mlinzi anayetembea atapata mwanga mwingi zaidi ya niliopima ukutani. Vumbi letu, kinyume chake, huziba nafasi kati ya mapezi, nalo lifutwe kwa brashi kavu. Mchana kurunzi isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa joto hilo huzeesha betri ya lithiamu, na jioni kurunzi itaanza kazi ikiwa tayari na moto ambao kidhibiti kitaulipizia kwa kupunguza mwanga mapema.