TAHADHARI KWA MAFUNDI: Mita za kupimia umeme zenye alama ya uongo ya CAT III 1000V

Ndugu mafundi wa redio, televisheni na vifaa vya nyumbani, kuna muuzaji anayejitangaza kwenye makundi yetu ya WhatsApp na kukutana na wateja Kariakoo, ambaye anauza mita za rangi ya njano zilizoandikwa "CAT III 1000V" kwa bei ya chini mno. Nawaomba msizinunue, na aliyekwisha kununua asiitumie kupimia umeme wa ukutani wala kapasita kubwa (kipande kinachohifadhi chaji ya umeme ndani ya kifaa). Jina la biashara yake hubadilika, kwa hiyo itambueni bidhaa yenyewe.

Wenzangu waliouziwa mita hizo waliniletea karakanani, tukazifungua. Alama ya CAT III 1000V humaanisha kwamba mita inaweza kutumika kwenye mfumo wa umeme wa jengo na kuhimili msukumo wa ghafla wa hadi volti 8,000, jambo linalohitaji fyuzi imara za kauri zilizojazwa mchanga na nafasi ya kutosha kati ya njia za umeme kwenye bodi. Tulichokikuta ni fyuzi moja ndogo ya kioo ya volti 250, na tundu la ampea 10, la kupimia mkondo mkubwa, halina fyuzi kabisa, ingawa kasha linadai kuwa linayo. Fundi akisahau waya kwenye tundu hilo kisha akagusa umeme wa ukutani, ametengeneza shoti iliyo mkononi mwake.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni nyaya zake za kupimia. Zinaonekana nene kwa sababu ya plastiki tu. Ndani mna nyuzi chache nyembamba zinazonaswa na sumaku, yaani ni chuma na si shaba, nazo hukatika karibu na mpini bila dalili yoyote kwa nje. Waya ukishakatika, mita huonyesha sifuri, na sifuri ndiyo alama ambayo fundi huisubiri kabla ya kuingiza vidole. Kapasita kuu ya pawa saplai (sehemu inayokigawia kifaa umeme) inayotumia volti 230 huchajiwa hadi kufikia volti 325 hivi, na inaweza kubaki na chaji hiyo baada ya plagi kuchomolewa. Kapasita ya maikrowevu inaweza kubaki na zaidi ya volti 2,000, ambazo hata mita halali ya volti 1,000 haipaswi kuguswa nazo.

Kwa hiyo, mita yoyote ile, ya bei yoyote, ijaribuni kwanza kwenye chanzo mnachojua kina umeme, kisha pimeni kifaa, kisha rudini kwenye chanzo kile kile kuhakikisha mita bado inasoma. Kapasita ya pawa saplai itoeni chaji kwa rizista yenye wati za kutosha au balbu ya nyuzi ya volti 230 iliyofungwa nyaya zenye mipini salama, kisha pimeni. Mazoea ya kuipiga shoti kwa bisibisi tuyaache, kwa sababu cheche zake huharibu bodi na zinaweza kuumiza macho. Dukani, ombeni kufungua mlango wa fyuzi na pelekeni sumaku ndogo kwenye ncha ya waya uliomenywa. Muuzaji huyu hukataa mambo yote mawili, akisema kwamba dhamana itaharibika, ilhali hakuna dhamana yoyote aliyoiandika.

Vilevile hatoi risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Hupokea pesa kwa simu, na mteja anayelalamika huzuiwa asimpate tena. Waliouziwa watunze ujumbe wa muamala, picha za tangazo na mita yenyewe bila kuitupa, kisha wapeleke malalamiko Shirika la Viwango Tanzania kwa upande wa ubora, na Tume ya Ushindani kwa upande wa bidhaa bandia. Wanaofundisha vijana karakana wakague meza zao leo, kwa maana kijana anayeanza kazi ndiye hununua mita ya bei nafuu na ndiye huamini haraka namba anayoiona. Kama karakana haina mita nyingine ya kuaminika, kazi za maikrowevu na pawa saplai zisubiri hadi ipatikane, hata kama mteja anaharakisha.