Kliniki ya masikio Kigoma mjini: daktari safi, mapokezi hapana

Nauza dagaa Kibirizi, na kizunguzungu kilinikamata hapohapo kwenye vichanja: dunia inazunguka, natapika, sikio la kushoto limeziba na linavuma kama jenereta. Watu wakasema presha. Nikapima, iko sawa.

Daktari wa hapa ndiye aliyeuita kwa jina: ugonjwa wa Ménière, maji ya sikio la ndani yamezidi. Alinilaza haraka, kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, akanikodolea macho kuona kama si vile vichembe vya chokaa vya sikio la ndani vilivyohama mahali pake, navyo huleta kizunguzungu, maana hivyo vinarudishwa kwa kugeuzwa kichwa tu. Akagonga uma wa chuma wa kupimia usikivu, akauweka katikati ya paji la uso. Mlio nikausikia kulia tu.

Nilichopenda, hakunikimbiza kwenye kisu. Alieleza aina za upasuaji: kulegeza kifuko cha maji, kukata mshipa wa fahamu wa mizani ya mwili, au kuondoa kabisa viungo vya mizani, na huo wa mwisho unaua usikivu wa sikio hilo moja kwa moja. Ni wa rufaa, tena dawa zikishindwa. Kwanza vidonge vya betahistini na kupunguza chumvi. Chumvi! Mimi muuza dagaa!

Mapokezi sasa. Asubuhi nzima benchini, na dada wa dirishani anaita majina kwa kunong'ona, kwenye kliniki ya watu wasiosikia! Wekeni namba, jamani. Kipimo cha usikivu kinalipiwa pembeni, ulizeni bei kabla hamjavalishwa vile vya masikioni.