King'ora cha kuzungusha kwa mkono: maoni ya mpenzi wa magari ya zimamoto

Nimekulia karibu na kituo cha basi kiitwacho Fire, kwenye Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, na hadi leo gari la zimamoto likipita husimama kando ya njia nikalisikiliza kuliko ninavyolitazama. Kwa hiyo nilipokiona kwenye duka moja la mtandaoni king'ora kidogo cha chuma, chekundu, chenye mpini ubavuni, nilikiagiza kabla hata sijamaliza kusoma maelezo yake.

Kinaenea kwenye viganja viwili, lakini ni kizito. Ndani yake mna gurudumu lenye matundu linalozunguka katikati ya kasha ambalo nalo lina matundu. Yakikutana, hewa hufyatuka nje, na yakipishana, hewa huzibwa, na mifyatuko hiyo ikifuatana upesi ndiyo tunayoisikia kama mlio. Matundu 10 kwa mizunguko 60 katika sekunde moja hutoa mawimbi 600, yaani hezi 600. Meno ya gia yaliyofichwa nyuma ya mpini huuzidisha mzunguko mmoja wa mkono ukawa mizunguko mingi ya gurudumu, ndiyo maana mwanzoni mpini huwa mgumu kana kwamba unateka maji kwenye kisima kirefu, kisha ghafla hulegea.

Hapo ndipo nilipoona kwamba fedha yangu haikupotea. Magari mengi ya siku hizi hutumia ving'ora vya kielektroniki, ambavyo huruka kutoka mlio mmoja hadi mwingine papo hapo kupitia spika. Hiki hupanda taratibu, kikianza na mngurumo wa chini unaousikia zaidi mkononi kuliko masikioni, na hushuka taratibu vilevile. Ni jamaa wa mbali wa Q2B, king'ora cha mota kinachofungwa mbele ya magari mengi ya zimamoto ya Marekani, ambacho nguvu yake hutajwa kuwa desibeli 123 kwa umbali wa mita 3 na ambacho kina breki ya kulisimamisha gurudumu. Changu hakina breki, na maelezo ya muuzaji hayakulitaja jambo hilo. Siku ya kwanza nilikizungusha uani, nikauachia mpini, nacho kikaendelea kulia peke yake huku nikikitazama nisijue la kufanya, mpaka jirani yangu, mama mtu mzima, akatokea na ndoo ya maji akiuliza, "Mwanangu, kunaungua wapi?" Nilimwamkia, nikamwomba radhi, na tangu hapo hukipeleka ufukweni asubuhi, mahali pasipo watu wa kudhani kuna dharura na kupiga 114 bure.

Kasoro nyingine ni ndogo. Skrubu ya mpini ililegea baada ya wiki mbili, nami nikaikaza kwa bisibisi. Gia nazo zilikuja kavu, zikikwaruza kwa sauti iliyouchafua mlio, hadi nilipotia matone machache ya mafuta ya cherehani. Mtoto asiachiwe kukichezea karibu na sikio. Atakayekiagiza anunue na vizibo vya masikio siku hiyohiyo, kwa kuwa ndani ya boksi havimo.