Vishikio, mteremko na bafu la mama: uzoefu wangu na fundi wa kurekebisha nyumba, Tanga

Sasa mama anakwenda bafuni peke yake, anafunga mlango, anaoga, anatoka. Ni mtu wa miaka 70 na ushei aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye bafu hilohilo. Kwangu mimi, hilo linatosha kusema kazi ya fundi huyu ilistahili kila shilingi.

Nyumba yetu iko Ngamiani, ni ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba huku na huku, kisha uani ndiko kuliko jiko, choo na bafu. Mama aliporudi kutoka Hospitali ya Bombo na fremu yake ya kutembelea, ndipo tulipoanza kuona mambo ambayo macho yetu yalikuwa yameyazoea. Kutoka kitandani hadi chooni kulikuwa na vizingiti, ngazi ya kushuka uani, sakafu laini iliyolowa tangu alfajiri, na mlango wa bafu mwembamba kuliko fremu yenyewe.

Wa kwanza tuliyemwita alikuwa mtu wa karakana ya kuchomelea. Alipiga picha ukuta kwa simu, akataja bei, akarudi na vishikio vilivyokwisha tengenezwa. Alituambia ni stenlesi, kumbe chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Hewa ya chumvi ya Tanga haina msamaha: kabla masika hayajaisha vilikuwa vimeota kutu. Kibaya zaidi, skrubu zilishika lipu tu, hazikufika kwenye tofali. Siku mama alipokiegemea kimoja kikachomoka, na kama nisingekuwa nyuma yake tungerudi Bombo. Kishikio kisicho imara ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa kuwa mtu anakiamini na kukipa uzito wake wote.

Huyu wa pili, wa Makorora, ni mwashi anayejua na bomba. Alifika mikono mitupu, hana hata futi. Akamwamkia mama, akakaa naye barazani, wakazungumza ya watu na ya nyumba. Halafu akamwambia, "Bibi, naomba unionyeshe unavyokwenda bafuni, kama vile mimi sipo."

"Taratibu lakini, mwanangu," mama akamjibu.

Akamfuata nyuma na kipande cha chaki. Kila mkono wa mama ulipotafuta ukuta, akatia alama. Tulipomaliza, zile alama zilikuwa chini sana kuliko vilipofungwa vishikio vya kwanza, maana mama ni mfupi na nyonga imemwinamisha. Hapo ndipo niliposadiki kwamba tumepata mtu. Ukuta unapimwa baada ya kumpima anayeutumia.

Bafuni ndiko alikokaa muda mrefu, na ndiko kulikomstahili. Vigae laini aliving'oa, akaweka vya mkwaruzo, na sakafu akailaza kidogo kuelekea tundu la maji ili yasituame. Choo cha kuchuchumaa akakibadilisha kuwa cha kukaa, kimo cha sentimita 45, nyayo za mama zikanyage chini sawasawa. Bomba la kuchambia liko karibu na mkono, hainami tena kuchota ndooni. Mlango aliupanua, kisha akaugeuza ufungukie nje. Sikuwa nimelifikiria hilo: mtu akianguka ndani na mlango ukafungukia ndani, mwili wake ndio unaouzuia, na wa kumwokoa hawezi kuingia. Komeo nalo linafunguka kwa nje ikibidi.

Lakini alichokipenda mama kuliko vyote ni kibao cha saruji alichokijenga kando ya bomba la kutawadhia. Kwa mtu mwenye nyonga mbovu, kusimama mguu mmoja kwenye maji huku unaosha mwingine, mara tano kwa siku, ni kujitafutia kuanguka. Sasa anakaa, bomba liko usawa wa goti, mguu anaunyoosha, na kishikio cha kuinukia kiko kuumeni. Nyumba nyingi za kwetu zina mzee anayetawadha akiwa amesimama. Kama una fedha ya kufanya jambo moja tu, fanya hili.

Vishikio vipya ni stenlesi kweli. Sumaku tulikwenda nayo dukani: ikinata kwa nguvu, liache hilo bomba. Unene wake ni wa kushikika na kiganja kikafumba, na kati yake na ukuta kuna nafasi ya vidole bila mkono kuzama. Ukuta wa bafu ni dhaifu, kwa hiyo alitoboa hadi upande wa pili, akapitisha boliti na kuzikaza kwa bamba la chuma huko nje. Ncha za vishikio zimekunjwa kurudi ukutani ili dera lisinase. Tunavisuuza kwa maji yasiyo ya chumvi na kuvifuta, maana hata stenlesi ukiiachia chumvi hutia madoa.

Mbele kulikuwa na ugumu. Baraza letu liko sentimita 40 juu ya barabara, na kipimo kinachotumika kwa mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, kila sentimita 1 ya kimo kwa sentimita 12 za urefu, yaani tulihitaji karibu mita 5. Ukiunyoosha kwenda mbele unaziba njia ya watu. Akaulaza kando ya ukuta, akaujengea kingo pembeni, na saruji ikiwa mbichi akaipitishia ufagio ili isiteleze. Mama alikuwa amekwisha kata tamaa na baraza. Sasa jioni yuko huko na wenziwe.

Yapo niliyoyalalamikia. Siku alizoahidi zilipita, simu hapokei akiwa kazini, na hakutwambia mapema kwamba bafu halitatumika hadi saruji ikauke, tukawa tunampeleka mama kuoga kwa shangazi na fremu yake. Kifusi tulikitoa wenyewe. Pia kizingiti cha mlango wa uani alikivunja bila kuwaza masika. Mvua ya kwanza maji yakaingia ukumbini. Nashukuru alirudi bila kudai malipo, akachimba kijifereji mbele ya mlango na kukifunika kwa wavu wa chuma ambao fremu inapita juu yake.

Fedha nyingi zilikwenda kwenye stenlesi na saruji, ufundi ulikuwa nafuu. Taa ya sola ya uani, inayowaka yenyewe mtu akipita, tuliinunua wenyewe, kwani umeme ukikatika alfajiri hakuna kishikio kitakachomsaidia asiyeona anapokanyaga. Kitanda chake cha samadari mama amekataa kisiguswe miguu. Fundi hakubishana naye, alishauri godoro jembamba zaidi, na kweli sasa akikaa miguu inafika chini. Jikoni bado kuna ngazi moja. Ataifanyia kazi mwezi ujao, na safari hii tarehe tumeiandika kwenye karatasi ya makubaliano.