Kozi ya wiki sita iliyonipima kabla sijaacha kazi

Nimeshona mapazia miaka tisa kwenye karakana ya mtu mwingine, na kwa miaka miwili ya mwisho nilikuwa nikijiambia kila Jumapili usiku kwamba mwezi ujao nitaacha. Nilijiunga na kozi hii kwa sababu tangazo lake halikuahidi kunifundisha kuanzisha biashara. Liliahidi kunisaidia kujua kama niianzishe au niache. Ni wiki sita kwa njia ya video, jioni moja kwa wiki, saa mbili kila kipindi, na kitini cha mazoezi ya katikati ya wiki. Tulikuwa washiriki 12. Ada ilikula karibu theluthi ya mshahara wangu wa mwezi, kwa hiyo nilidai kila kipindi kinilipe.

Wiki ya kwanza haikunilipa. Tulijaza dodoso la maswali 60: unapenda kuthubutu, unavumilia kukataliwa, uliwahi kuuza kitu ukiwa mtoto. Nilipata alama 84 kwa 100 na nikaambiwa nina moyo wa ujasiriamali. Nilifurahi mpaka tulipotajiana alama na kukuta hakuna aliyepata chini ya 70. Mizani inayompa kila mtu uzito ule ule haifai hata kupimia chumvi. Waandaaji waling'oe dodoso hili, maana kuna mtu atalisoma kama ruhusa ya kuandika barua ya kuacha kazi kesho yake.

Kilichookoa jioni ile ni utafiti ambao mwezeshaji alituonyesha mwishoni. Cooper, Woo na Dunkelberg waliwauliza watu 2,994 waliokuwa wametoka tu kuanzisha biashara Marekani wanaonaje nafasi yao ya kufanikiwa, wakachapisha matokeo mwaka 1988. Asilimia 81 walijipa nafasi saba au zaidi kati ya kumi. Asilimia 33 walijipa kumi kwa kumi. Niliutazama ule ukurasa muda mrefu, kwa sababu na mimi ningejipa tisa.

Wiki ya pili ndiyo iliyonibadilisha. Zoezi lilikuwa hili: mtafute mtu anayemiliki biashara unayoitamani, umwombe ukae naye siku mbili, na kila robo saa uandike anafanya nini. Nilimpata mama mmoja mwenye karakana ndogo ya mapazia, asiyeshindana na mwajiri wangu, akanikubalia. Siku mbili zile zilikuwa saa 18 za kazi. Katika hizo, alikaa kwenye cherehani saa mbili na nusu tu. Zilizobaki alizungumza na mteja aliyepima dirisha mwenyewe akakosea, akarudisha kitambaa ambacho rangi yake haikulingana na kile cha mwanzo, akatafuta mtu wa kushika nafasi ya fundi asiyekuja, na akapiga simu za kudai. Simu za kudai peke yake zilimla saa tatu na robo.

Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya kushona, ingawa sikushika sindano. Kitini kilitaka nipitie kila robo saa niweke alama: hii ningeifanya kwa hiari, hii ningeivumilia, hii ingenikosesha usingizi. Hapo nikagundua jambo nisilolitarajia. Kupiga hesabu za bei, kupanga kitambaa kikatwe vipi kisibaki kipande cha bure, kumweleza mteja kwa nini dirisha lake linataka kitambaa chenye upana wake mara mbili na nusu: vyote hivyo ningevifanya kwa hiari, tena kwa furaha. Kudai ndiko kulikoniumiza. Mpaka siku ile nilidhani ninachokipenda ni kushona na kinachonizuia ni mtaji. Kumbe nilikuwa sijawahi kuiona kazi yenyewe ninayoiomba. Kama kozi hii ingeishia hapa, bado ningesema ada yangu haikupotea.

Wiki ya tatu tulitumwa kuuza. Si kuuliza watu kama wangenunua, kuuza hasa, na kurudi na malipo ya awali kutoka kwa mtu ambaye si ndugu, si rafiki, si mfanyakazi mwenzako. Watu tisa walinikataa. Wa kumi alikubali madirisha mawili ya chumba cha kulala na akalipa nusu. Wengi kwenye kundi waliona zoezi hili ni la kikatili, mimi naliona la huruma, kwa sababu rafiki anayekusifia hajatoa chochote mfukoni. Lakini hapa pana kasoro kubwa: hakuna aliyetukumbusha kusoma mikataba yetu ya ajira kwanza. Wangu una kifungu kinachonitaka nimwarifu mwajiri kabla ya kufanya kazi ya aina moja na yake. Nilikikuta kwa juhudi zangu, nikamwarifu, akakubali kwa maandishi. Mwenzangu mmoja hakuwa na bahati hiyo.

Wiki ya nne ilikuwa ya fedha, na mwezeshaji huyu anaijua. Alinitaka nichukue oda ya mfano tu, yenye bei ya 100. Kitambaa kinakula 55, ushonaji na ufungaji 20, faida 25. Nikaona ni biashara nzuri. Akauliza: mteja analipa lini? Nikasema 40 mwanzoni, zilizobaki baada ya siku 60, maana ofisi nyingi ndivyo zinavyolipa. Basi kwa kila oda natoa 75 nikiwa nimepokea 40, pengo ni 35. Nikipata oda tatu kwa mkupuo, pengo ni 105, zaidi ya bei ya oda nzima, na zote tatu zina faida kwenye daftari. Kadiri ninavyopendwa ndivyo ninavyokauka. Tangu siku ile malipo yangu ya awali ni 60, na asiyekubali simshonei.

Jioni hiyo hiyo alitupa matokeo ya mtafiti Barton Hamilton ya mwaka 2000, pia ya Marekani: mtu wa katikati kwa kipato kati ya waliojiajiri miaka 10 alikuwa akipata asilimia 35 pungufu ya ambacho angelipwa kwenye ajira. Mshiriki mmoja alizima kamera. Mimi naona ndiyo haki yetu kuambiwa kabla.

Wiki ya tano tuliandika hasara tunayoimudu, wazo la Saras Sarasvathy, mtafiti wa ujasiriamali: badala ya kuanza na faida unayoiota, anza na kiasi unachoweza kupoteza na maisha yakaendelea. Njoo na mwenzi wako kwenye kipindi hiki. Mume wangu na mimi tuna akiba ya miezi saba. Tulikubaliana kuhatarisha minne, na kujaribu kwa miezi 18, kisha tukatia saini wote wawili. Tulibishana sana kuhusu ule mwezi wa nne, na nashukuru tulibishania mezani kabla fedha haijatoka.

Ya sita ruka. Ni hadithi za waliofanikiwa, kisha wanakuuzia mafunzo ya mwaka mzima.

Sikuacha kazi. Watafiti Raffiee na Feng walionyesha mwaka 2014 kwamba walioanza biashara wakiwa bado kwenye ajira, ndipo wakahamia kwenye biashara kikamilifu, walikuwa na hatari ya kufunga pungufu kwa asilimia 33 kuliko walioacha kazi mara moja. Nashona oda mbili kwa mwezi, Jumamosi, na nimejipangia kudai kila Jumanne saa moja jioni, iwe napenda au sipendi. Ikifika miezi sita na simu hizo bado zinanikosesha usingizi, nitabaki mwajiriwa.

Watano kati ya 12 waliamua kutoanza. Mmoja, mwalimu, alituambia amelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Kwenye ukurasa wa waandaaji wanatajwa tu walioanza. Wale watano nao waandikwe pale, kwa sababu na wao walipata walichokilipia.